Namba 48 zilizonipeleka Kasese

KARANI wa ofisi moja hapa Bwera alinipigia simu asubuhi, sauti ikitetemeka. Kompyuta tatu tulizoziboresha jana yake zimegoma kufunguka. Kioo cha buluu kinadai namba 48, na hesabu za mishahara zimo humo ndani.

Nilimkuta mwenzake akitaka zifutwe zianze upya. Nilimzuia: kufuta ni kuchoma daftari.

Mashine hizo zina BitLocker, programu inayofumba kila kilichomo ili mwizi asiweze kusoma. Ufunguo hulindwa na kifaa kidogo cha ndani kiitwacho TPM. Tulipobadilisha programu ya kuwashia mashine, TPM ikaona mambo si yale ya jana, ikakataa kuutoa. Programu haikukosea. Tuliokosea ni sisi, ambao hatukusimamisha ulinzi kwa muda kabla ya kuanza.

Nikapanda teksi hadi Kasese, kwenye ofisi yao kuu. Ndani ya faili la manunuzi tulikuta karatasi mbili, kila moja ina makundi manane ya namba sita sita. Karani alinisomea kwa simu kitambulisho cha kila kioo, nami nikampa namba zake. Mashine mbili zikafunguka.

Ya tatu haikuwa na karatasi. Bila namba hizo hata mtengenezaji hawezi kuifungua. Tuliifuta, na hesabu za miezi minne zikapotea.

Ndugu msomaji, chapisha namba zako leo, uzifungie kabatini, mbali na kompyuta.