Maneno ya Hatari: Kanuni za Ulaya za Mashine za Leza na Istilahi Zake katika Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi kanuni za usalama ambazo nchi za Ulaya zimeziweka juu ya mashine za leza za viwandani, na kuonyesha taabu impatayo mfasiri atakapo kuzitia katika Kiswahili. Leza ilikuwa kitu kigeni kabisa mwaka 1960, Theodore Maiman alipoiwasha ile ya kwanza huko Marekani. Leo mashine ya kukatia chuma kwa leza si ajabu tena karakanani, na wilaya za mkoa wa Pwani kama Kibaha na Kisarawe zimekuwa mahali pa viwanda. Wafanyakazi wa viwanda hutoka pande nyingi za nchi, na lugha iwaunganishayo ni Kiswahili. Basi neno lililochaguliwa vibaya katika kibandiko cha mashine laweza kumpofusha mtu.

Mashine iuzwayo katika Umoja wa Ulaya yapasa kutimiza Agizo 2006/42/EC, ambalo mahali pake pamewekewa Kanuni 2023/1230, ya kutumika tangu tarehe 20 Januari 2027. Hatari ya leza yenyewe hupimwa kwa kiwango cha IEC 60825-1, ambacho Ulaya hukiita EN 60825-1. Agizo lile lataka maelezo ya mashine yaandikwe kwa lugha ya nchi inamouzwa. Lakini nguvu yake haivuki mipaka ya Ulaya, wala halimlazimishi mtengenezaji kuandika Kiswahili. Huku kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awaarifu na kuwafundisha wafanyakazi wake. Kuyapata maneno ya kuwafundishia ni kazi yetu.

Neno la kwanza lenye matata ni lile la kutajia makundi ya leza. Kiwango kina makundi manane: 1, 1C, 1M, 2, 2M, 3R, 3B na 4. La 1 halidhuru katika matumizi ya kawaida. La 4, lipitalo nusu wati, huunguza jicho na ngozi, na laweza kuwasha moto. Mfasiri mwepesi ataandika “daraja la nne”. Lakini mtu aliyesoma katika shule zetu ajua kwamba daraja la kwanza ndilo la juu katika mtihani, na la nne ni la mwanafunzi dhaifu. Hivyo fundi wa Kisarawe asomapo “leza ya daraja la nne” aweza kudhani kwamba ni leza hafifu. Afadhali tuseme “kiwango cha hatari 4”, ili namba na hatari zipande pamoja.

La pili ni “mionzi”. Watu wengi walisikiapo hufikiri picha za hospitali au nguvu za atomiki, yaani madhara yajayo polepole. Leza ya kukatia chuma haidhuru hivyo. Mwale wake, ambao mara nyingi ni wa nanomita 1,070 hivi, hauonekani. Hupenya mpaka nyuma ya jicho na kuunguza hapo kwa nukta moja, pengine bila maumivu. “Mwale usioonekana” ni maneno yaliyo wazi kuliko “mionzi”.

La tatu ni kitendo cha kuona. Kwa kundi la 2, lisilozidi miliwati 1 ya mwanga uonekanao, onyo ni kwamba mtu asiukodolee macho mwale. Akiuona kidogo tu, kope humkinga kwa kufumba katika robo ya nukta. Kwa kundi la 4 hata mwanga uliogonga bati ukatawanyika ni hatari. Tukiandika “usitazame” katika vibandiko vyote viwili, tumeifuta tofauti ambayo wataalamu waliipima kwa uangalifu.

Lipo na jambo la kueleza, si la kufasiri tu. Leza ya kundi la 4 ikifungiwa ndani ya sanduku lenye swichi izimayo mwale mlango ufunguliwapo, mashine nzima yaweza kuhesabiwa kuwa ya kundi la 1. Fundi aifungaye swichi hiyo kwa waya ili kazi iende upesi amekwisha irudisha katika kundi la 4, ijapokuwa kibandiko hakikubadilika. Wala miwani ya jua haitamsaidia: miwani ya kinga huandikwa urefu wa mawimbi ambayo yaweza kuyazuia, kwa kufuata kiwango cha EN 207.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi, na Shirika la Viwango lina kazi yake. Lakini neno lisipojaribiwa karakanani, mbele ya wale litakaowalinda, hatutajua kama limefahamika. Yafaa mtungaji wa istilahi afike Kibaha na kibandiko mkononi, amwulize fundi: “Hapa umeelewa nini?”