Kijana wa Kisauni na barafu ya Mombasa Road

Huku Kabianga barafu huja yenyewe. Asubuhi jua linawaka juu ya mashamba ya chai, alasiri wingu linafunga, na kabla hujaanua nguo mabati yanapigwa kama mtu anamwaga kokoto. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na wenye chai hawaipendi kabisa kwa vile inararua majani machanga. Mimi mtu wa Pwani, niliyezoea barafu ya ukwaju ya kufyonza na ile ya kuhifadhia samaki, bado hutoka nje kuyaokota mawe hayo kama mtoto.

Nilikuwa nayo mkononi simu ilipolia. Dada yangu, kutoka Kisauni. "Kaka, zungumza na mpwa wako. Anataka kuacha chuo aende Nairobi kucheza hoki ya barafuni. Anasema atalipwa." Kijana ni hodari wa viatu vya magurudumu, hilo silikatai. Nilimweleza ninayoyajua, na nayaandika hapa kwani naamini si yeye peke yake mwenye ndoto hiyo.

Kwanza, hajapotea akili. Timu ipo. Basi la Mombasa likikaribia katikati ya Nairobi hupita hapo Hoteli ya Panari, Mombasa Road. Ndani ya jengo hilo kuna uwanja wa barafu tangu mwaka wa 2005. Wageni waliokuwa wakiishi Nairobi, wakiwemo Wakanada na Wamarekani waliokulia kwenye mchezo huu, walianza kukutana hapo na magongo yao. Vijana wa Kenya wakajiunga, baadhi yao wakiwa wamejifunza kuteleza kwa magurudumu juu ya lami, vile vile kama mpwa wangu. Wakajiita Ice Lions.

Wazee wetu wanaijua hoki ya nyasi, ambayo Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia kule Barcelona mwaka wa 1971. Hii ya barafuni ni nyingine: wachezaji sita kila upande, golikipa akiwemo, wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu.

Shida ya Ice Lions ilikuwa moja: hapakuwa na wa kucheza naye. Miaka nenda miaka rudi waligawana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka Toronto, ikawavisha jezi na vifaa kamili, wakacheza dhidi ya timu nyingine. Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa mchezo huo, wakaingia uwanjani upande wao. Video hiyo ndiyo aliyoiona mpwa wangu. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, ambamo Afrika Kusini imo tangu 1937.

Lakini kulipwa? Hapo ndipo nilipomwambia aitazame Toronto yenyewe, si video. Ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, NHL, iliundwa Novemba 1917, na timu ya Toronto iliyoingia iliendeshwa na kampuni yenye uwanja wa barafu wa Mtaa wa Mutual. Uwanja huo ulikuwa na barafu ya mitambo tangu 1912, kwa hiyo haukungoja baridi ya Mungu. Mwenye barafu ndiye mwenye timu, na ndiye aliyeuza tiketi. Timu ikabadilishwa jina mara kadhaa hadi 1927 ilipoitwa Maple Leafs. Miaka minne baadaye, uchumi ukiwa umeanguka dunia nzima, wakajenga uwanja mkubwa zaidi, na baadhi ya mafundi wakakubali sehemu ya ujira wao iwe hisa.

Sasa linganisha. Barafu ya Nairobi ni ya hoteli. Ni ndogo kuliko uwanja wa kimataifa wa mita 60 kwa 30, na wachezaji wanaigawana na wateja waliokuja kujifurahisha. Hakuna ligi ya kuuza tiketi kila wiki. Wanaocheza wanacheza kwa mapenzi, na riziki wanaitafuta kwingine. Kwangu mimi hilo linawaongezea heshima, ila halilipi kodi ya nyumba.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza, "Mjomba, kwani hiyo mitambo ya barafu hutengenezwa na nani ikiharibika?" Anasomea umeme, ndiyo maana. Sikuwa na jibu. Chuo kikifunga atakuja kunitembelea, na nimemwambia ashukie Panari kwanza, akaulize mwenyewe, ndipo apande gari la Kericho. Nauli ya kuteleza saa moja nitamtumia mimi. Mamake asijue.