Lugha isiwe kizingiti kwa wanatarakilishi wa Eastlands

Hivi majuzi kijana mmoja wa Kayole, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesomea tarakilishi, alinijia ofisini akiwa amekata tamaa. Alikuwa amefika mbele ya jopo la kampuni moja ya jijini kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini. Programu aliyoiunda ilifanya kazi barabara. Alipotakiwa kuieleza kwa Kiingereza cha haraka, maneno yalimpotea, na nafasi ikamwendea mwingine.

Mimi si mtaalamu wa mashine hizo. Taaluma yangu ni isimu. Hata hivyo, kisa hiki kinanihusu moja kwa moja. Jopo lile lilidhani limepima ujuzi, kumbe lilipima lafudhi.

Mitaa ya Eastlands ndiyo iliyoilea Sheng, msimbo unaokopa kitenzi cha kigeni na kukivika viambishi vya Kiswahili kwa kufuata kanuni ambazo hakuna aliyeziandika. Sidai kwamba Sheng humfanya mtu kuwa mhandisi. Ninalosema ni kwamba anayebabaika kwa Kiingereza si lazima awe amepungukiwa na akili.

Tatizo hili si letu pekee. Nchini Marekani, wanafunzi wengi wenye asili ya Amerika ya Kusini na Mexico, ambao nyumbani huzungumza Kihispania, wamekuwa wachache mno katika fani ya tarakilishi. Baadhi ya vyuo vinavyowapokea kwa wingi viliungana ili kuwasaidia. Mbinu yao mojawapo ni nyepesi: mwanafunzi aliyetangulia huongoza kikundi kidogo cha wenzake wapya katika kutatua maswali, nao hujifunza kwa kuelezana.

Hapa kwetu mbegu ipo. Tangu mwaka wa 2010, shirika la AkiraChix limekuwa likiwafunza wasichana wa familia zenye kipato cha chini jijini Nairobi ufundi wa tarakilishi. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoundwa mwaka wa 1995, imewawezesha wengi kulipa karo. Lakini karo ikishalipwa, mwanafunzi bado anahitaji mashine, umeme na mahali patulivu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: aliyekulia katika nyumba yenye chumba cha kusomea hawezi kukisia taabu ya kuandika programu chumbani mnamolala watu sita.

Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan yaliyokarabatiwa na Book Bunk, zingefaa kuwa makao ya vikundi kama hivyo jioni. Nasi wahadhiri tusione haya kufafanua dhana ngumu kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, kwani Kiingereza hicho mwanafunzi atakihitaji kazini. Waajiri nao waitazame kazi kabla ya kuusikiliza ulimi.

Kijana yule bado anatafuta nafasi. Nilimwomba anieleze programu yake kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, halafu tena kwa Kiingereza. Mara ya tatu niliielewa, mimi nisiyejua lolote katika fani hiyo. Hakuwa amekosa ujuzi. Alikuwa amekosa msikilizaji.