Birika la Samaki: Lizibe Lisivuje, Lizibe Lisiue

Leo tunazungumza juu ya birika dogo la kufugia samaki nyumbani, na hasa jambo moja ambalo wengi hulipuuza: kitu gani utumie kuliziba.

Wewe unayeishi Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa huna haja ya kuambiwa thamani ya maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni jua na upepo tu. Sasa piga hesabu. Birika lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1 linachukua lita 6,000. Hizo ni ndoo 300 za lita 20. Likivuja, jasho la jamaa nzima limekwenda ardhini. Lakini ukiliziba kwa kitu chenye sumu, maji yatabaki na samaki watakufa. Basi tunataka mambo mawili kwa pamoja: maji yasitoke, na sumu isiingie.

Kwa nini samaki hudhurika upesi? Kwa sababu samaki hupumua kwa mashavu yake, na mashavu hayo yamo ndani ya maji usiku na mchana. Kitu kidogo kikiyeyuka katika maji kinaingia moja kwa moja katika damu yake. Ng'ombe anaweza kukataa maji mabaya akaenda kwingine. Samaki hana pa kwenda.

Tuanze na udongo, maana ndio rahisi. Wazee wetu waliezeka tembe kwa udongo na mvua haikuingia, kwa hiyo kazi ya udongo mnaijua. Udongo wa kichuguu na ule wa mfinyanzi ni mzuri. Ujaribu hivi: loweka kidogo, finyanga donge la ukubwa wa chungwa, lirushe juu kidogo ulidake. Likipasuka, mchanga umezidi. Likibaki zima, udongo unafaa. Shindilia tabaka mbili, kila moja sentimita 15, ukinyunyiza maji. Angalia mambo mawili. Kwanza, udongo mweusi wa mbuga hupasuka ukikauka, kwa hiyo jaza maji mara umalizapo kazi. Pili, usichukue udongo wa kichuguu kilichowahi kutiwa dawa ya kuua mchwa, wala udongo wa karibu na josho. Dawa hizo huua samaki hata zikiwa kidogo sana.

Njia ya pili ni karatasi ya plastiki. Chagua ile nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya mabwawa, unene wa nusu milimita, isiyoharibiwa upesi na jua. Ile nyepesi ya madukani haimalizi msimu. Kupata kipimo, chukua urefu wa birika, ongeza kina mara mbili, kisha mita 1 ya kukunjia ukingoni. Fanya vivyo hivyo kwa upana. Birika letu la mfano litahitaji karatasi ya mita 6 kwa mita 5. Ng'oa mizizi na mawe, tandaza mchanga laini, ndipo uweke karatasi. Usitumie plastiki iliyofungia mbolea au dawa ya pamba, hata kama umeiosha mara kumi.

Njia ya tatu ni saruji, na hapa ndipo wengi hupata hasara. Mkulima anajenga birika zuri, analipiga lipu, linakauka siku tatu, anatia maji na vifaranga vya perege. Asubuhi wote wanaelea. Atadhani ni ugonjwa, au mtu kamfanyia ubaya. Kumbe ni saruji yenyewe. Saruji mpya hutoa chokaa, na chokaa huyafanya maji kuwa makali kama magadi, yakaunguza mashavu ya samaki.

Fanya hivi. Changanya saruji debe 1 kwa mchanga madebe 3, na kama unaipata, tia ile unga ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wake. Maliza kwa niru. Funika kwa magunia yenye unyevu siku 7 ili lipu isipasuke. Kisha jaza maji mpaka juu, yaache siku 4, yamwage. Rudia mara tatu au zaidi. Maji hayo usiwape mifugo. Yatumie kufyatulia matofali. Ukijenga Novemba, mvua za kwanza zitakusaidia kazi hiyo. Mwisho pima kwa karatasi zile za rangi za kupimia tindikali: namba iwe kati ya 6.5 na 9. Huna karatasi? Tia samaki watatu tu, ungoje siku mbili. Wakila na kuogelea vizuri, lete wenzao.

Kwa ufa mdogo wa kioo, kama una tangi la kioo la kutunzia vifaranga, tumia gundi ya silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka. Soma kopo: ikiandikwa kwamba inazuia ukungu, iache dukani, maana dawa ya ukungu ni sumu kwa samaki. Acha ikauke juma zima, mpaka harufu iishe. Lakini gundi hiyo haishiki vizuri kwenye saruji. Ufa wa saruji ukwanguliwe na kuzibwa kwa saruji, kisha uloweke tena.

Vitu vya kuepuka kabisa ni hivi: oili chafu, lami ya barabarani, rangi ya mafuta, mbao na nguzo zilizotiwa dawa, na mapipa ya dawa za kilimo. Bati jipya pia si zuri, kwa kuwa zinki yake huyeyuka majini.

Sasa utajuaje kama birika linavuja au ni jua tu linalonyonya maji? Jaza birika. Simamisha ndani yake ndoo yenye maji, juu ya jiwe, mdomo ukiwa nje ya maji. Weka alama ya kina cha maji kwenye ndoo na kwenye ukuta wa birika. Baada ya siku mbili tazama. Yakishuka sawasawa, ni jua. Yakishuka zaidi birikani, yanavuja. Litafute tundu mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu mkulima, kabla ya kununua chochote, muone Bwana Samaki au Bwana Shamba wa kata yako, umwonyeshe mahali na udongo wake. Ushauri wake haulipiwi, lakini ndoo 300 za maji zina gharama.