Utafiti wa Nasaba Waweza Kuwa Kazi Halali ya Kujiajiri

Dar es Salaam. Katika mitaa ya Tandika, Mbagala, Tandale na Mwananyamala, swali la nani hasa ni ndugu wa marehemu huibuka mara nyingi siku ya kikao cha ukoo. Nyumba iliyojengwa na babu ina wajukuu wasiofahamiana, majina yameandikwa kwa namna tofauti katika kila hati, na pengine yupo mtoto aliyebaki kijijini bila kutajwa. Mrithi anayesahaulika katika muhtasari wa kikao hicho huweza kupoteza haki yake, au familia nzima ikaingia katika shauri refu mahakamani.

Haja hiyo inatoa nafasi ya kazi kwa wenye ujuzi wa kufuatilia nasaba kwa ushahidi. Hata hivyo, ujuzi wa kusoma nyaraka pekee hautoshi. Mtafiti anapaswa pia kuendesha shughuli yake kama biashara.

Chanzo cha kwanza cha taarifa ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), wenye kumbukumbu za vizazi, vifo, ndoa na talaka. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa huhifadhi majalada ya Serikali, yakiwemo ya enzi za utawala wa Kijerumani. Kwa familia za Kikristo, vitabu vya ubatizo vya parokia husaidia pale ambapo cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kutolewa. Kwa familia nyingi, hata hivyo, shahidi mkuu ni mzee aliye hai, na maelezo yake yanapaswa kuandikwa mapema, yakitaja tarehe na mahali alipohojiwa.

Mtafiti hana budi kuifahamu historia ya eneo. Hadi mwaka 2016, Ubungo ilikuwa sehemu ya Kinondoni na Kigamboni sehemu ya Temeke; hivyo jalada la zamani la mkazi wa Kimara litaitaja Kinondoni. Vilevile Wazaramo, wenyeji wa mwambao huu, kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama, ilhali Wachaga huufuata upande wa baba. Anayetumia fomu moja kwa wateja wote atawaacha baadhi ya ndugu nje ya orodha.

Kwa upande wa biashara, anayetaka kutumia jina lisilo lake binafsi hulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Hupata pia Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo hutolewa bila malipo, na huulizia leseni katika halmashauri ya manispaa yake. Mafunzo ya ujasiriamali, ikiwemo utunzaji wa hesabu, hutolewa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO).

Suala la bei linahitaji uangalifu wa pekee. Malipo yafungwe kwenye kazi ya kutafuta: siku za utafiti, nauli na ada za nyaraka, na yote yaandikwe katika mkataba kabla ya kuanza. Anayelipwa kwa sharti la kupata jina fulani hushawishika kulipata hata lisipokuwepo. Taarifa ya mwisho itenganishe yaliyothibitishwa kwa hati, yaliyosimuliwa na yasiyopatikana.

Aidha, taarifa za familia ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa tu. Siri ya uzazi iliyogunduliwa katika utafiti si habari ya kusambazwa kwenye makundi ya simu.

Wananchi nao wanapaswa kutambua mipaka ya huduma hii. Mtafiti wa nasaba hateui msimamizi wa mirathi wala hagawi mali. Mamlaka ya uteuzi ni ya mahakama. Kinga iliyo bora zaidi ipo mikononi mwa kila familia: kusajili kizazi ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30, ili wajukuu wa kesho wasilazimike kuajiri mtu wa kuwatafutia jina la babu yao.