Lugha ya Nyumbani na Masomo ya Mtoto

Akina mama, wengi wetu hapa Levolosi, Arusha, tunajinyima ili watoto wasome shule za Kiingereza. Je, Kiingereza ndicho siri ya nchi zinazofaulu? Mwaka 2007 mtihani wa SACMEQ ulipima darasa la sita kusini na mashariki mwa Afrika. Katika kusoma, Tanzania Bara, iliyotumia Kiswahili, iliongoza. Katika hisabati Kenya, iliyotumia Kiingereza, ilitupita kidogo. Lugha siyo yote. Nchini Ufini watoto hufundishwa kwa Kifini au Kiswidi, na walimu husoma hadi shahada ya pili.

Basi, popote mtoto asomapo, jioni tumsomee hadithi kwa Kiswahili, tumwulize ameelewa nini. Msingi huo hauna ada, na Mungu ametukabidhi sisi wazazi.