Samaki Hawashuki na Mvua

Mwaka 2022, ukame ulipoikaba Kwale, nilivuka bila kulowa kijito kimoja baina ya Gazi na Msambweni. Maji yalikuwa yamesalia katika kidimbwi kimoja tu, chini ya mkuyu. Mwishoni mwa 2023, baada ya mvua za El Nino, nilirudi nikawakuta watoto wakivua kwa ndoana. Nilimwuliza mzee mmoja samaki hao walitoka wapi. "Hushuka na mvua, mwalimu," akanijibu.

Kwa heshima zote, samaki hawashuki na mvua. Wana njia zao. Kambale hujificha katika vidimbwi vya mwisho; kwa kuwa aweza kupumua hewa, huvumilia hata maji ya matope, na mafuriko yajapo hupanda nayo kwenda kutaga. Wako pia samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, ambao hufa maji yakaukapo, ila mayai yao hulala ardhini miezi mingi yakingoja mvua. Naye mkunga wa mtoni huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, kisha angali mchanga huingia mtoni na kupanda. Mimi mwanaisimu hufurahi kuona kwamba Kiswahili kimempa jina moja na mkunga wa miambani, kana kwamba wahenga hawakuona mpaka baina ya mto na bahari.

Jambo hili si la elimu tu. Aaminiye kwamba samaki huletwa na mvua haoni kosa kutia utupa katika kidimbwi cha mwisho, au kukikokota kwa chandarua cha mbu. Si mvua italeta wengine? Nami utotoni nilifanya hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa tukila mbegu. Vivyo hivyo, ajengaye ukuta mtoni pasipo kuacha upenyo huwafungia mikunga mlango.

Walimu wenzangu, Mto Mkurumudzi, utokao milima ya Shimba hadi ghuba ya Gazi, ni darasa lisilotoza karo. Wapelekeni wanafunzi wakati wa kiangazi wahesabu vidimbwi vilivyobaki, kisha warudi baada ya masika watazame samaki wametapakaa kutoka wapi. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kidimbwi cha mwisho ndicho akiba ya mto. Tukikimaliza, mvua itarudisha maji matupu.